Mwalimu Mstaafu na Rimoti: Mafunzo Niliyopata

Nyumbani kwangu Tanga, Ijumaa baada ya isha ni zamu ya dokumentari. Siku nyingine sina sauti mle sebuleni: kuna tamthilia za Kituruki za mke wangu, kuna mpira wa vijana, kuna taarifa ya habari. Ijumaa rimoti ni yangu. Mjukuu huleta filamu kwenye flashi, mkeka hutandikwa, birika la kahawa na sahani ya kashata huwekwa katikati, na anayejisikia hukaa. Utaratibu huu tuliuanza nilipostaafu ualimu wa jiografia, na nia yangu ya kwanza haikuwa safi sana. Nilitaka darasa jipya, maana lile la zamani umri ulikuwa umeninyang'anya.

Nina udhuru kidogo. Sisi wa Bara tulichelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku kwetu vituo vya kwanza vilianza 1994. Nimefundisha mito ya barafu, volkano na jangwa kwa chaki na ramani ya ukutani iliyochanika upande wa Australia. Dokumentari zilipoanza kuingia ndani ya nyumba nilizipokea kwa njaa, na mwenye njaa hachambui wali.

Wewe unayesoma hapa pengine una haraka zako: unataka kusoma zaidi, kuandika, kushika kamera siku moja, kuwa mtu anayeijua dunia bila kungoja viza. Basi chukua haya yaliyonikuta mimi, uanzie mbele ya pale nilipoanzia.

1. Mkalimani akizidi maneno, filamu inakuwa yake

Dokumentari nyingi tunazozipata zinasimuliwa kwa Kiingereza, na sebuleni kwangu wanaokielewa barabara ni wachache. Nikajiteua mkalimani. Mzungu akisema sentensi moja, mimi natoa tatu. Akisema haraka kuliko masikio yangu, najaza mwenyewe kwa yale niliyokwisha kuyajua. Nilikuwa na ufasaha, wallahi. Kuna jirani aliyekuwa akija kunisikiliza mimi, picha akiziangalia kwa kupitia tu.

Usiku mmoja tulikuwa ndani ya kreta ya Ngorongoro. Nyumbu yuko chini, simba dume anakula, fisi wanazunguka wakilia. Nikatafsiri kwa madaha: "Anasema simba amewinda kwa jasho lake, sasa wezi hawa wamekuja kumnyang'anya." Mjukuu wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne, akakohoa.

"Babu, hakusema hivyo. Kasema fisi ndio waliomuua nyumbu usiku. Simba kaja asubuhi kuwapora."

Nikabisha, ndiyo kawaida yangu. Tukarudisha nyuma. Msimulizi alikuwa amesema vilevile alivyosema mtoto. Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hilo si geni hata kidogo: katika miaka ya 1960 mtafiti Mholanzi Hans Kruuk alikesha na fisi wa Ngorongoro na Serengeti, akaona kuwa fisi madoa hujiwindia sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba ndani ya kreta ile simba mara nyingi ndiye anayekula jasho la mwenzake. Kitabu chake kilitoka 1972. Mimi miaka yote hiyo nilikuwa bado namtukana fisi kwa ushahidi wa ngano za bibi yangu.

Mke wangu hakuniacha. "Kumbe siku zote tunatazama filamu zako, siyo zao."

Kukosea Kiingereza hakukunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba macho yangu yaliiangalia picha ile na hayakuona tatizo lolote. Simba anakula, fisi wanazunguka: picha hiyo inazikubali hadithi zote mbili. Tangu hapo namsikiliza msimulizi nikijua kuwa ni mtu, ana mwajiri, ana muda aliopewa, na ana wanyama anaowapenda kuliko wengine. Jaribu siku moja kuzima sauti dakika tano, ujiulize picha peke yake inathibitisha nini. Utashangaa ilivyo bubu.

2. Mtafute kuku

Vugiri iko juu milimani, wilaya ya Korogwe, mkoa wetu huu huu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka hapo mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika: minyoo ya safura, kodi, akiba ya posta, namna ya kuuza kahawa. Maelezo yaliwekwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na lori likazunguka nazo vijijini. Nimefundisha mkoani hapa maisha yangu karibu yote bila kujua kwamba sinema ya kufundishia ilikuwa imepikwa Usambara kabla sijazaliwa.

Katika kutafuta habari za mradi huo nikakutana na kisa kingine cha enzi hizohizo za sinema za wakoloni. Marshall McLuhan, msomi wa Kanada, anakisimulia katika kitabu chake cha 1962, The Gutenberg Galaxy, akikinukuu kutoka kwa John Wilson wa London. Wanakijiji fulani wa Afrika walionyeshwa filamu ya usafi: bwana afya anaondoa maji yaliyotuama, polepole, hatua kwa hatua, ili mafundisho yaingie. Ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kama kulikuwa na kuku. Ikabidi waikague picha kwa picha, na kweli, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku aliyeshtuka anapita pembeni.

Kisa hiki kilikuwa kikisimuliwa kuonyesha kwamba watu wa kijijini hawajui kutazama filamu. Nami nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka upande uleule. Mpaka Ijumaa tuliyotazama watalii wakipanda Kilimanjaro. Mpandaji mkuu, jamaa wa Ulaya mwenye ndevu zenye barafu, anaeleza alivyopambana na nafsi yake hadi akaushinda mlima. Mimi natafsiri kwa hisia kali. Mke wangu akaniuliza: "Huyo nyuma yake mbona kabeba meza?"

Nikatazama. Alikuwapo kweli, mpagazi, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyochoka, anapita nyuma ya shujaa akiwa na meza ya kulia chakula kichwani. Kwa wapagazi wa Kilimanjaro hiyo ni kazi ya kawaida: mahema, viti, majiko, hata choo cha kubebeka hupanda kwa migongo na vichwa vyao. Kamera haikumfuata, msimulizi hakumtaja, nami niliyekuwa nimekazia macho ndevu sikumwona. Mke wangu hakuwa na haja na ndevu.

Anayefuata hadithi kwa bidii ndiye wa kwanza kumkosa kuku. Ukitaka kuwa mtazamaji mzuri, na zaidi ukitaka kuwa mtengenezaji, yaache macho yako yatangetange kwenye pembe za picha, au ukae karibu na mtu ambaye yake yanatangatanga yenyewe.

3. Mlio huenda umetoka kwenye unga wa kastadi

Hili litakuwa fupi kwa sababu lilinikera.

Kamera za wanyamapori hupiga kutoka mbali sana kwa lenzi ndefu. Sauti haifiki huko. Kwa hiyo nyayo, mabawa, meno yanayotafuna, vingi vyake hutengenezwa studio na mtu mwenye ustadi wake. Nyayo za dubu kwenye theluji, kwa mfano, hutokana na unga wa kastadi uliofungwa ndani ya soksi ndefu na kuminywaminywa mbele ya kipaza sauti. Nilipowaambia nyumbani, mke wangu alikwenda kabatini, akaleta pakiti ya kastadi iliyobaki Ramadhani, tukajaribu. Ni kweli. Watoto walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Kuna na makubwa zaidi. Mwaka 2011 magazeti ya Uingereza yalipiga kelele ilipojulikana kwamba katika Frozen Planet, mfululizo wa BBC, dubu mchanga aliyezaliwa pangoni alipigwa picha kwenye bustani ya wanyama ya Uholanzi. BBC hawakuwa wamelificha, lilikuwa kwenye tovuti yao, na ukifikiri vizuri huwezi kumwingilia dubu wa kweli aliyejifungua. Hilo nililisamehe. Nisilolisamehe ni White Wilderness, filamu ya Disney ya 1958 iliyopata hata Oscar. Humo panya wadogo wa kaskazini waitwao lemming wanaonekana wakijirusha majini kwa wingi wafe. Kumbe walinunuliwa, wakasafirishwa hadi jimbo la Alberta, Kanada, na kusukumwa na wapiga picha. Lemming hawajiui. Mimi nimewafundisha wanafunzi habari ya kujiua kwao, nikaitumia hata kama fumbo la maadili kuhusu kufuata mkumbo. Wengine sasa ni maofisa wakubwa. Samahanini.

4. Ukiona nyika tupu, uliza watu

Tulitazama Serengeti Shall Not Die ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani waliokuja kuhesabu wanyama kwa ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia. Filamu ilitoka 1959, na 1960 ikapata Oscar. Michael hakuwahi kuiona tuzo: Januari 1959 ndege ile iligongwa na tumbusi ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki 1987, yupo hapohapo naye. Nyumba nzima ilihuzunika. Mke wangu alijifuta kwa ncha ya kanga.

Jirani yetu mmoja ni dalali wa ng'ombe, Mmaasai, na usiku ule alikuwapo. Alinyamaza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, mwaka huohuo wa 1959 ndio wazee wetu walitolewa Serengeti. Mmemlilia kijana wa Kijerumani, ni haki yake. Basi na sisi tulilieni kidogo."

Sikuwa na la kujibu. Serengeti nimeifundisha. Eneo lake kilomita za mraba 14,763, msafara wa nyumbu, mvua za vuli na masika, yote kwa moyo. Habari kwamba serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka hifadhi ile na kuwapa nafasi ya kuishi Ngorongoro haikuwamo katika notisi zangu, na haikuwamo kwa kuwa hata mimi sikuwahi kuuliza ule utupu wa kwenye picha umetoka wapi. Historia yenyewe haijakauka. Tangu 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni, ndani ya mkoa huu wa Tanga. Serikali inasema wanahama kwa hiari ili kuokoa hifadhi. Wapo wanaolipinga jambo hilo vikali. Unaweza kuwa upande wowote. Huwezi kuwa na upande kama hujui kwamba watu walikuwapo.

Siku hizi nikiona nyumbu wanavuka mto Mara na nyika iko kimya kabisa, najua pia kwamba nyuma ya kamera pana foleni ya magari ya watalii, injini zinanguruma, madereva wanaitana kwenye redio. Hilo nimesimuliwa na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye ni mmoja wa madereva hao. Kamera imegeuzwa upande usio na magari, basi.

5. Aliyeishi hapo apewe kiti cha mbele, na kibali cha kusimamisha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoaibika vizuri.

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ameishi Mwanza sehemu kubwa ya maisha yake na amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha minofu ya samaki. Alipokuja kututembelea nikaona ndiyo nafasi ya kuonyesha Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper wa Austria iliyotoka 2004. Nilijiandaa. Nilisoma. Nilikuwa na hotuba ya utangulizi: sangara alivyopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, enzi za ukoloni, alivyowamaliza furu wa aina nyingi ambao hawapatikani popote pengine duniani, minofu inavyopakiwa kwenye madege makubwa ya Kirusi kwenda Ulaya, na swali zito ambalo filamu inalitundika hewani, kwamba madege hayo yanapokuja huwa yamebeba nini. Kuna rubani anayesimulia kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola na kurudi na zabibu kutoka Afrika Kusini. Nilikuwa na hotuba ya kufungia pia.

Shemeji alisikiliza ile ya kwanza kwa heshima, akavua miwani, akaifuta, akasema: "Haya, washa."

Hatukufika mbali. Yalipotokea mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki baada ya minofu kutolewa, yameanikwa, funza wanatambaa, watu wanahema sebuleni, akanyoosha mkono. "Simamisha hapo."

Nikasimamisha, kwa shingo upande. Akaanza. Hayo mapanki, alisema, yapo ya namna nyingi. Yapo yaliyooza kama hayo na wapo masikini waliokula hayohayo, asibishe mtu. Yapo pia yanayotoka kiwandani asubuhi yakiwa mabichi, yanagombaniwa getini, yanakaangwa, na kichwa cha sangara kikipikwa na mtu anayejua ni mchuzi wa kumwekea mgeni. Akaeleza nani alipata tenda ya kuyabeba, wanawake waliyakaangia wapi, nani alisomesha watoto kwa hayo. Akaeleza ubaridi wa chumba cha kukatia minofu, vidole vinavyokufa ganzi, zamu ya usiku, msimamizi anayehesabu dakika za chooni. Halafu mabondo, lile puto la ndani ya samaki, ambalo zamani lilikuwa kitu kidogo na siku hizi kwa kilo linaiacha minofu mbali kwa bei, kwa sababu ya wanunuzi wa Uchina. Hakuna kati ya hayo lililokuwa katika hotuba yangu.

Filamu ile ya saa moja na dakika arobaini na kitu tuliimaliza usiku wa manane. Kila alipotaka isimame ilisimama.

Nilimwuliza kuhusu mwaka 2006. Filamu ilikuwa imeteuliwa kushindania Oscar, Rais Kikwete akaishutumu hadharani kwamba inaichafua nchi, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. "Na wewe uliandamana?" Akacheka. "Saa ngapi? Tulikuwa zamu."

Kisha akatoa hukumu yake, ambayo mpaka leo sijasoma uhakiki wa filamu ile unaoishinda. "Kila alichoonyesha nimekiona kwa macho yangu. Watoto wanaovuta gundi nimewaona, wasichana wa marubani nimewajua kwa majina. Hajatunga. Ila ukitazama hii utadhani Mwanza nzima hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi na shughuli zake. Mimi simo."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili tu: ama filamu ni ya kweli na rais amekosea, ama filamu ni ya uongo na rais yuko sahihi. Shemeji alikuwa na la tatu, na alilipata kwa kuishi huko. Hotuba yangu ya kufungia nilikwenda nayo kulala.

Kwa hiyo ukitazama filamu ya mahali, mtafute mtu wa mahali hapo. Tanzania hii, Kenya hii, hukosi. Mtaani kwako yupo aliyevua, aliyechimba, aliyehama, aliyefagia hoteli hiyo inayoonyeshwa. Mpe rimoti. Na wewe msomi, ushikilie kikombe chako cha kahawa kwa mikono miwili ili mdomo upate kazi.

6. Kuna filamu ambazo mtu wako yumo ndani

The Letter ya Maia Lekow na Christopher King ilitoka 2019, na Kenya ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar. Kijana wa Mombasa, Karisa, anapata habari kwamba bibi yake huko kijijini, Kilifi, anaitwa mchawi. Anakwenda. Anakuta bibi wa miaka tisini na zaidi ambaye bado analima, na anakuta jamaa wa damu wenye macho kwenye shamba. Lugha ni Kiswahili na Kigiriama, kwa hiyo mkalimani sikuwa na kazi, na nadhani ndiyo sababu sebule ilitulia kuliko siku zote.

Shemeji alisema kwamba na kwao Usukumani vikongwe wameuawa kwa ajili ya macho mekundu tu, na macho hayo ni ya moshi wa kupikia. Baada ya hapo hakuna aliyesema neno. Tulikuwa na mpwa wangu mmoja ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimsemasema shangazi fulani wa ukoo wetu kwamba "ana mambo yake," na ambaye shamba la shangazi huyo linapakana na lake. Sikuwa nimemwalika kwa makusudi, nakuapia. Alisimama katikati ya filamu, akasema anakwenda kununua vocha, akachukua njia.

Nilitaka kumfuata nikamalizie somo. Mke wangu akanishika kanzu. Baada ya wiki kadhaa mpwa alirudi na nazi na mahindi, akaulizia kama shangazi bado anaumwa mguu. Siwezi kukuambia kwamba moyo wake uligeuka. Ninachojua ni kwamba yale maneno hajayarudia mbele yangu, na kama ningemfuata usiku ule na mahubiri yangu angeyarudia kwa ukaidi.

7. Moja kwa usiku yatosha

Niliwahi kupanga foleni ya filamu za usiku mmoja, ya mwisho ikiwa When We Were Kings, ya Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Pambano lile sisi tulilipata kwa redio, nikiwa kijana, na tangu hapo nilitamani kuiona raundi ya nane kwa macho yangu. Nililala kwenye raundi ya tano. Niliamshwa wakati wanakunja mkeka.

Leon Gast, aliyeitengeneza, alikwenda Zaire kupiga picha za tamasha la muziki. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likaahirishwa zaidi ya mwezi, Gast akabaki hukohuko na Ali mbele ya kamera yake. Kisha pesa na kesi zikamchelewesha mpaka 1996 ndipo filamu ikatoka, na 1997 ikapata Oscar. Yeye aliingoja miaka 22. Mimi nilishindwa kuingoja dakika ishirini.

8. Zima feni

Baada ya usiku wa mapanki, mjukuu aliomba kumrekodi shemeji akisimulia kiwanda. Nilijifanya mkurugenzi. Nikapanga kiti, nikapanga taa, nikamwambia mama wa watu aangalie huku, asiangalie kule. Tulipokuja kutazama tukakuta tumerekodi feni. Inavuma kwa uzuri kabisa, na kwa mbali, nyuma yake, kuna mwanamke anayesema mambo ya maana. Tulirudia kesho yake, mkurugenzi akiwa ametumwa sokoni, na ikatoka safi.

Yupo mkulima wa Ukambani, Kenya, Kisilu Musya, aliyekabidhiwa kamera na mtengenezaji filamu wa Norway, Julia Dahr, akapiga mwenyewe ukame, mafuriko, mke wake na watoto wake. Ikawa Thank You for the Rain, ya 2017, na ndani yake unamwona amefika mpaka mkutano wa tabianchi wa Paris. Simu iliyo mfukoni mwako ina kamera nzuri ya kutosha kuanzia.

Na kazi ipo. Mkonge ulifika nchi hii 1893, na wazee waliokata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe na Muheza, waliokuja kwa mikataba ya kimanamba au wazazi wao walikuja hivyo, wanazikwa kila mwaka. Kwenu kuna wengine wenye yao: bandari, reli, pamba, karafuu, migodi.

Mfuate mmoja wiki hii. Simu ilaze kwa upana, uiweke karibu na mdomo wake. Kabla ya hadithi muulize jina, mahali na mwaka. Msimulize kidogo, msikilize sana, usimtafsirie. Ukimaliza, nakala moja uiweke nje ya simu hiyo, maana simu huibiwa. Na feni, nakuomba, izime kwanza.